Sura ya Nne: Mishale Ikusanyike Kwanza

Tuwachukue wapiga upinde wawili, kila mmoja akiwa amekwisha kurusha mishale sita, na twende nao mpaka kwenye shabaha tukaitazame kazi yao. Wa kwanza ameutia mshale mmoja katikati kabisa ya duara la manjano, lakini mitano iliyobaki imetawanyika, huu juu, ule chini, mwingine ukingoni kabisa. Wa pili hakuigusa manjano hata mara moja. Mishale yake yote sita imejichoma chini, upande wa kushoto, katika duara jeusi, ila imekaribiana hata kiganja kimoja chaweza kuifunika. Watazamaji aghalabu watampigia makofi wa kwanza, na mwalimu ajuaye kazi yake atampa mkono yule wa pili. Na katika hitilafu hiyo ya hukumu ndimo ilimo elimu yote ya sura hii. Maana yule wa kwanza hajui alitenda nini hata mshale wake ukaingia katikati, wala hawezi kulirudia tendo hilo kwa kusudi, hali yule wa pili ametenda jambo moja lile lile mara sita mfululizo, naye hana haja ila kukisogeza kilengeo chake kidogo ili mishale yote ihamie pamoja mpaka mahali pake.

Kulenga sawasawa, basi, ni kuweza kukirudia kitendo kimoja bila ya kukizidisha wala kukipunguza, nao mshale ukisha kuuacha upote hauna amri tena ya nafsi yake, bali huenda ulikotumwa na mwili wa mpigaji katika ile lahadha ya mwisho. Atakaye kuutengeneza mwendo wa mshale na autengeneze mwili wake kwanza. Na apate kuufahamu uzito wa neno hili, hana budi kukubali hesabu kidogo.

Katika mashindano ya Olimpiki shabaha huwekwa umbali wa meta 70. Upana wake wote ni sentimita 122, na duara la ndani, lenye thamani ya alama 10, lina upana wa sentimita 12.2 tu. Mpigaji avutapo upote mpaka chini ya kidevu, kutoka hapo kidevuni hadi kwenye mpini wa upinde ulio mbele yake pana kiasi cha sentimita 70. Na meta 70 ni sentimita hizo hizo mara mia. Mpini ukikaa palipo, na mkia wa mshale ukahama kidevuni kwa milimita 1, ncha yake itahama shabahani kwa milimita 100, yaani sentimita 10, na alama 10 itageuka kuwa 9. Ukihama kwa milimita 2, alama itakuwa 7. Hali kadhalika urefu wa mvuto: upinde wa mashindano wenye nguvu za kawaida, ukivutwa milimita 1 kuzidi desturi yake, huutoa mshale kwa kasi iliyoongezeka kidogo, na mshale huo hufika juu ya wenzake kwa kiasi cha sentimita 3. Milimita 1 haionekani na mtu aliyesimama pembeni, wala mpigaji mwenyewe haihisi asipojizoeza kuitafuta. Lakini shabaha huiona, na huitangaza mbele ya watu wote.

Wataalamu wa kale hawakuwa na vipimo hivi, lakini walikuwa wamekwisha kuitambua siri yake. Katika karne ya 14, katika dola ya Wamamluki iliyotawala Misri na Sham, Taybugha al-Baklamishi alitunga kwa Kiarabu kitabu cha kuwafundisha wanafunzi wa upinde. Na mwaka 1545 Roger Ascham, mwanachuoni wa Cambridge ambaye baadaye alimsomesha Elizabeth kabla hajawa malkia, alitoa kitabu chake kiitwacho Toxophilus, akamtunukia Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Ascham alikigawa kitendo cha kupiga upinde katika mafungu matano: kusimama, kupachika, kuvuta, kushikilia na kuachia. Karne karibu tano zimepita, zana zimebadilika kutoka mti na pembe mpaka nyuzi za kaboni, na hata leo mwalimu afundishaye kwa mpango hawezi kuyakwepa mafungu hayo. Tuyapitie moja moja, tukikaa zaidi palipo na mengi ya kusemwa.

Kusimama ni msingi. Miguu huachana kwa upana wa mabega, uzito hugawanyika sawa, na ubavu huelekezwa kwenye shabaha. Katika vitabu vya Waarabu wanatajwa mabingwa watatu waliokuwa kama maimamu wa fani hii, Abu Hashim al-Mawardi, Tahir al-Balkhi na Ishaq al-Raffa, nao hawakuafikiana katika kila jambo, bali kila mmoja alikuwa na njia yake na wafuasi wake. Ikhtilafu hiyo yatufundisha ya kwamba hakuna mkao mmoja uliowafaa wanadamu wote, warefu kwa wafupi. Ila mtu akisha kuuchagua mkao wake, asiubadili. Mguu wa mbele ukisogea kidogo tu baina ya mshale na mshale, nyonga hugeuka, mabega hufuata, na mkono wa upinde hulazimika kuvutwa kwa nguvu kurudi kwenye mstari, ukingoja kuponyoka mara upote utakapoachiwa. Ndiyo sababu mashindanoni utawaona wapigaji wakichomeka ardhini alama mbili ndogo mbele ya ncha za viatu vyao, ili warejeapo kutoka kuchomoa mishale miguu irudi pale pale.

Kupachika kwaonekana kuwa jambo jepesi, kwa kuwa ni kuutia mkia wa mshale kwenye upote basi. Lakini upote wenyewe una mambo yake. Mahali pa mshale hufungwa uzi au kishikizo kidogo, ili usikae juu leo na chini kesho, na mwanya ulio baina ya upote na mpini, ambao kwa upinde mrefu wa mashindano huwa karibu sentimita 22, hupimwa kabla ya kuanza kazi. Upote hulegea kwa joto na kwa matumizi, mwanya hupungua, na mishale huanza kushuka au kuyumba bila ya mpigaji kuwa na hatia yoyote. Naye asiyepima atajitafutia kosa mwilini mwake siku nzima. Mizunguko michache ya kuusokota upote hurudisha kila kitu mahali pake.

Katika kuvuta ndipo wanaoanza wanapopotea kwa wingi, na sababu ya kwanza ni tamaa ya upinde wenye nguvu kuwazidi. Mtu aliyeshika upinde unaomshinda huinua mabega, hukaza shingo, hutetemeka, na huachia kabla ya wakati, si kwa sababu amelenga bali kwa sababu amechoka. Na kila moja katika aibu hizo humzoeza kosa litakalomkaa miaka. Walimu wa Kiarabu waliliona hilo wakamwamuru mwanafunzi aanze na upinde laini, akipiga kwa karibu, mpaka viungo vyake vitii. Mvuto wa haki hautoki katika mkono, kwani mkono huchoka upesi na nguvu zake hazilingani saa zote. Hutoka mgongoni, katika misuli inayoyasogeza makombe ya mabega yakaribiane, huku kiwiko cha nyuma kikizunguka polepole mpaka kikae katika mstari mmoja na mshale. Vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vimekuwa ndoana tu, na mkono uliobaki umelegea hadi bega.

Upote sharti ufike mahali pamoja daima. Katika desturi ya mashindano ya leo hugusa katikati ya kidevu na ncha ya pua, na mkono hukaa chini ya mfupa wa taya, ukigusana nao bila ya nafasi; nafasi hiyo ikifunguka kwa unene wa karatasi chache, ile hesabu ya milimita 1 tuliyoifanya imekwisha kuanza. Kwa ajili ya urefu wa mvuto kimebuniwa kifaa kidogo cha ajabu kwa wepesi wake, nacho ni kibati chembamba cha chuma kinachoulalia mshale karibu na ncha yake. Ncha ikisha kupita chini yake kibati hujipiga kwenye mpini kikatoa mlio, na mlio huo ndio idhini ya kuachia. Kabla haujalia, mvuto haujatimia. Kwa njia hiyo mishale yote sita hutoka ikiwa imevutwa kwa urefu mmoja, na mpigaji huondolewa mzigo wa kukisia.

Kushikilia ni kitambo kifupi baina ya mvuto na mwachio, nacho Ascham alionya kisirefushwe, kwa kuwa huhatarisha upinde na huharibu pigo. Upinde wa leo hauvunjiki kwa urahisi, lakini neno lake la pili lingali kweli tupu: misuli iliyokazwa huanza kutetemeka baada ya sekunde chache, na kila sekunde inayoongezeka hununua shaka badala ya uhakika. Tena mpigaji asidhani kilengeo kitasimama tuli juu ya manjano, kwani hakuna kiumbe mwenye pumzi na mapigo ya moyo awezaye hayo. Kilengeo huelea, na kazi yake ni kukiacha kielee huku mgongo ukiendelea kuvuta. Ajaribuye kukinasa kilengeo kinapopita katikati, akaachia kwa haraka, ataongeza kosa kubwa juu ya dogo.

Kisha kuachia, fungu la mwisho na lenye siri kuliko yote. Ascham alitaka mwachio uwe wa haraka na wenye nguvu pasiwe na mshituko ndani yake, na papo hapo uwe laini usio mlegevu. Mtu akivifungua vidole kwa makusudi, atachelewa, kwa kuwa upote u hodari kuliko amri ya ubongo, na utavipita vidole ukiwa umesukumwa kando. Vidole haviamrishwi kufunguka. Huachwa vilegee, na upote hujichukulia njia yake wenyewe, nao mkono, kwa kuwa mgongo ulikuwa ungali ukivuta, hurudi nyuma ukiambaa taya mpaka chini ya sikio. Mkono uliobaki mbele, au uliotupwa kando mbali na uso, ni ushahidi kwamba mvuto ulikuwa umekwisha kufa kabla mshale haujaondoka.

Hata kwa mwachio ulio bora, upote huteleza kidogo kando unapoviacha vidole, na mshale, ukisukumwa kwa ghafula kutoka nyuma, hujipinda. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alitumia kamera za kasi kuitazama hali hiyo, na picha zikaonyesha mshale ukijikunja kuuzunguka mpini, ukijinyosha, ukijikunja upande wa pili, na kuendelea hivyo angani huku ukiushika mwendo wake. Kwa hiyo ugumu wa mshale sharti uafikiane na nguvu za upinde: ulio mgumu mno haujipindi vya kutosha, na ulio laini mno hujipinda kupita kiasi, na yote miwili hukengeuka, mmoja yamini na mwingine shoto, hata mpigaji awe stadi namna gani. Watu wa pinde za asili wanaijua thamani ya mshale mwema pasi na kamera. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao watoto wao wa kiume hupewa pinde wangali wadogo sana, huutia mti wa mshale motoni upate joto, kisha huuma kwa meno na kuunyosha kidogo kidogo, wakiutazama kwa jicho moja kutoka upande wa mkia, mpaka wauone umenyoka. Mwindaji wa namna hiyo huipunguza hesabu ya kosa kwa njia nyingine pia, kwa kumnyatia mnyama hadi umbali uwe mdogo. Hekima hiyo anayejifunza uwanjani angefanya vyema kuiazima, akaanza kwa karibu.

Nje ya mwili na zana kuna upepo. Mshale hukaa angani sekunde moja na ushei kabla ya kuzifika meta 70, na katika kitambo hicho upepo wa ubavuni waweza kuutoa katika manjano kabisa. Ascham ametuachia juu ya jambo hili ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake. Alikuwa amepanda farasi kati ya Topcliffe na Boroughbridge, kaskazini mwa Uingereza, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamefunikwa na theluji. Upepo ulipovuma uliipeperusha theluji ile ya juu, na kwa hiyo akaweza kuuona upepo wenyewe, ambao kwa desturi hauonekani. Akastaajabu kuona ya kuwa hauji kwa mfululizo mmoja, bali kwa mikondo mikondo, mmoja ukienda kasi na wa jirani yake umetulia, mara ule ulionyamaza ukaamka na uliokuwa ukienda ukakoma. Basi upepo wa uwanjani haufanani na kusi wala kaskazi, zivumazo miezi kwa upande mmoja na kumpa nahodha nafasi ya kufanya mpango wake. Hubadilika kabla ya mtu kumaliza kuvuta. Bendera iliyo juu ya shabaha, majani yaliyo njiani na upepo unaogusa shavu la mpigaji vyaweza kutoa habari tatu mbalimbali kwa wakati mmoja. Dawa ni kungoja hali uliyoizoea irudi, ikiwa saa inaruhusu, maana katika michuano ya mmoja kwa mmoja mpigaji hupewa sekunde 20 tu kwa kila mshale. Na isiporuhusu, kulenga kando kwa kiasi na kupiga bila kusita, kwa kuwa pigo timamu lililolengwa kando kidogo ni salama kuliko pigo la woga lililolengwa katikati.

Woga huo nao una maradhi yake yanayojulikana kwa wapigaji wote wa dunia. Mtu aliyekuwa akipiga vyema hujikuta hawezi kukifikisha kilengeo kwenye manjano bila ya vidole kuachia vyenyewe, au hukifikisha akashindwa kabisa kuachia. Chanzo chake ni moyo kushughulika na matokeo badala ya tendo, na tiba yake ni kuiondoa shabaha machoni: mpigaji husimama hatua chache mbele ya gunia au ukuta wa majani makavu usio na alama yoyote, akapiga huku amefumba macho, siku nyingi, akisikiliza mgongo, taya na vidole tu. Atarudi kwenye shabaha akiwa amekumbuka kwamba kupiga ni kazi ya mwili uliofundishwa.

Asiyeamini kwamba macho makali si shina la jambo hili na amtazame Im Dong-hyun wa Korea ya Kusini, ambaye uoni wake ulikuwa hafifu mno, hata shabaha ya meta 70 aliiona kama mchanganyiko wa rangi zisizo na mipaka. Na mtu huyo huyo, katika Olimpiki ya London mwaka 2012, alirusha mishale 72 akapata alama 699 kati ya 720, akaivunja rekodi ya dunia. Wanawake wa nchi yake wameshinda dhahabu ya timu katika Olimpiki zote tangu shindano hilo lilipoanzishwa Seoul mwaka 1988 mpaka Paris 2024, mara 10 bila ya kukatika, jambo lisiloweza kuelezwa kwa bahati. Na huko Paris, katika fainali ya wanaume, Kim Woo-jin wa Korea na Brady Ellison wa Marekani walikuwa sawa kwa jumla baada ya seti tano, kila mmoja akiwa amepata alama 30 katika seti ya mwisho, hata ikabidi kila mtu apige mshale mmoja wa kuamua; wote wawili wakapata 10, na Kim akashinda kwa kuwa mshale wake ulikuwa karibu na katikati kuliko wa mwenzake kwa milimita 4.9. Tukirejea kwenye hesabu yetu, tofauti hiyo shabahani ni chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya milimita moja kidevuni.

Sasa mpango wa kazi. Anayejifunza na aanze kwa karibu, meta 10 au chini yake, na upinde anaoumudu, akipiga mahali pasipo alama mpaka mafungu yale matano yafuatane pasipo yeye kuyafikiri. Kisha aweke shabaha, aipe mishale yake nambari, na katika daftari achore duara na kutia nukta ya kila mshale pamoja na nambari yake. Mshale ulio peke yake daima, hali ikiwa nambari ile ile, una ila yake: umepinda, au mkia wake umepasuka, au manyoya yake yamechakaa, autenge. Mishale ikitawanyika kwa kwenda juu na chini, achunguze urefu wa mvuto na jinsi kiganja kinavyoukandamiza mpini. Ikitawanyika ubavuni, achunguze mwachio, mstari wa kiwiko, na mkono wa mbele ambao pengine unaukaba mpini na kuupotosha, badala ya kuuacha uegemee shina la dole gumba. Asiguse kilengeo kwa ajili ya mshale mmoja. Mishale ikisha kukusanyika, ndipo akisogeze, nacho hufuata mishale ilikokwenda: ikiwa imekaa chini, kilengeo hushushwa, na mpigaji anapokirudisha kwenye katikati hujikuta ameuinua upinde, ikiwa imekaa kushoto, hupelekwa kushoto. Baada ya hapo aongeze umbali, hatua kwa hatua, na kila mara mishale itakapotawanyika tena arudi nyuma bila ya kuona haya.

Daftari hilo litamfundisha kujihukumu kwa insafu. Mshale wake bora hauna habari kubwa ya kumpa, kwa sababu hata asiyejua kitu huupata siku moja moja. Habari iko kwa ule mbaya kuliko yote, na kwa umbali uliopo kati yake na wenzake. Umbali huo ndio aupime kila juma na kuuandika. Ukipungua, kazi yake inakwenda mbele, hata ikiwa hakuna mshale uliogusa manjano. Na usipopungua, asijidanganye kwa mmoja ulioingia katikati, bali arudi kwenye kusimama, kupachika, kuvuta, kushikilia na kuachia, atafute ni kipi ambacho hakukitenda kama alivyokitenda mara iliyotangulia.